Wapagazi Ishirini na Wanne

Saa tatu na dakika kumi asubuhi ya Jumamosi, Mwalimu Barnaba Mwampashi aliinua kifuniko cha sanduku la cherehani la marehemu mkewe, akatoa askari wake wa kuchezea waliokuwa juu, akapekua chini, akakuta kitambaa kitupu. Wapagazi hawakuwepo.

Kisha akampigia simu Ruti Kibona, Tunduma.

"Ruti mwanangu, nimeibiwa."

"Shikamoo, Mwalimu. Umeibiwa nini?"

"Wapagazi. Wote."

Mtu mwingine angecheka. Ruti hakucheka. Alikuwa sajenti wa upelelezi kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu na kufungua duka la rangi na vifaa vya ujenzi karibu na mpaka. Lakini kabla ya yote hayo, mwaka 1980, alikuwa mtoto wa darasa la nne pale Iyula, aliyebaki baada ya masomo kumsafishia Mwalimu brashi zake. Wapagazi wale aliwajua kwa sura, mmoja mmoja.

"Umeripoti kituoni?"

"Nikawaambie polisi nimeibiwa wanasesere? Na ibada ni kesho saa nne."

"Nakuja. Usiguse kitu."

Saa tano kasoro robo aliegesha pikipiki yake nje ya nyumba ya Mwalimu pale Iyula, nyuma ya mibuni. Alipoingia chumbani, harufu ya tapentaini ilimpokea, na kwa sekunde chache alisahau kilichomleta. Meza ilikuwa ileile: ubao mpana uliopakwa vilima vya kijani, vijiji vya kahawia, na mto Saisi wa buluu ukikatiza katikati. Pembeni, brashi zilisimama ndani ya kikombe cha bati, pamoja na mwiba wa mchungwa ambao Mwalimu aliutumia kuchora macho.

Mchezo huo wa vita vya mezani uliletwa na mwalimu wa historia, mgeni, aliyefundisha Mbozi kwa miaka miwili na kuondoka mwaka 1971. Aliwaachia wanafunzi watatu kalibu zake za kumimina askari. Watatu hao walikuwa Barnaba, Gibson Silwimba na Yesaya. Waliyeyusha risasi ya betri chakavu, wakapata askari wa urefu wa kidole kidogo, wakawapaka rangi, wakapigana upya vita vya Wajerumani na Waingereza vilivyopita mpakani hapo miaka ya 1914 hadi 1918. Walitumia dadu na rula. Sheria moja waliitunga wenyewe: kombania isiyo na wapagazi haisogei.

Kwa kuwa kalibu hazikuwa na wapagazi, Barnaba aliwatengeneza. Alikata bunduki za askari wa ziada na kuwatwika mizigo ya nta. Baadaye, alipokuwa mwalimu, alizunguka vijiji vya Iyula, Ruanda hadi Ivuna akiwauliza wazee: nani alichukuliwa kubeba mizigo ya vita na hakurudi? Alikuwaje usoni? Huyu alikuwa na pengo, yule na kovu la moto shavuni, mwingine alikuwa na mvi angali kijana. Akawapaka hivyo. Chini ya kila mmoja akaandika jina kwa wino. Kesho familia zao zingekuja kanisani kuwaona na kusikia majina yakisomwa kwa mara ya kwanza.

"Majina si unayo kwenye daftari?" Ruti aliuliza.

Mwalimu alifungua kabati la vioo. Mgongo wa kabati ulikuwa umeliwa, na kwenye rafu ya chini palikuwa na rundo la udongo mwekundu lenye umbo la daftari.

"Mchwa," alisema. "Nimegundua Alhamisi saa kumi jioni. Nikawatoa vijana wote haraka haraka, nikawatia kwenye sanduku la Anna. Sikumwambia mtu. Niliona aibu. Miaka hamsini, halafu nashindwa na mchwa."

"Kwa hiyo majina yako wapi sasa?"

"Chini ya miguu yao. Na humu." Aligusa kichwa. "Tangu asubuhi nahesabu, Ruti. Nimefika kumi na tatu, nakwama."

Ruti alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Tuanze mwanzo. Wameibwa wangapi?"

"Wapagazi ishirini na wanne. Na mnyapara wao mmoja."

"Mnyapara naye ulimpaka wewe?"

"Hapana, huyo ni wa Gibson. Kofia nyekundu, kiboko mkononi. Tulikuwa na miaka kumi na saba, alijivuna naye sana."

"Na askari?"

"Wapo sitini kamili. Mzinga upo. Farasi wapo."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Msibani Ruanda. Nimetoka saa mbili asubuhi, nimerudi saa nane. Loisi wangu alikuwa sokoni Mlowo."

Mlango haukuvunjwa. Ufunguo wa jikoni ulikaa chini ya kinu, na Mwalimu alikiri kwamba hata majirani walijua. Ruti aliinama juu ya sanduku. Askari walilala kwenye kitambaa, wamerudishwa baada ya mwizi kufika chini. Aliwatazama kwa makini. Kombania ya kwanza, ofisa wake kulia, mpiga tarumbeta kushoto. Kombania ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile, na mzinga nyuma ya katikati.

"Mwalimu, uliwapanga hivi Alhamisi?"

Mzee aliinama karibu yake kutazama.

"Alhamisi niliwamwaga kama mahindi," alisema. "Mimi sikuwapanga hivi."

Loisi, binti yake, aliingia na chai. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mwembamba, mwenye sura ya mtu asiyelala vizuri. Ruti alimsalimia kwa mkono, akamwuliza bila kuzunguka.

"Loisi, nasikia unataka baba ahamie kwako Mbeya."

"Nataka. Anaishi peke yake, mimi naacha watoto kila mwezi kuja kumwangalia. Na anavuta hewa ya rangi mchana kutwa." Aliweka sinia chini kwa kishindo. "Unaniuliza kama nimetupa midoli yake?"

"Umetupa?"

"Mwezi wa pili nilisema nitaitupa shimoni. Nilisema kwa hasira. Mama alipokuwa mgonjwa, baba alikaa kitandani kwake akipaka hawa watu, na mama akimchagulia rangi za nguo. Ningewatupaje?"

Ruti alitoa askari wanane sandukuni, akawaweka kwenye sinia.

"Nipangie kombania moja."

Loisi alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya kigeni. Aliwapanga duara kuzunguka kikombe, ofisa akiwa amempa mgongo mpiga tarumbeta, bunduki moja ikielekea kwenye sukari.

"Inatosha," Ruti alisema. "Samahani, dada."

Walipobaki wawili, aliuliza: "Nani mwingine aliwataka?"

"Kuna kijana wa Tunduma, Deus Mwazembe. Alikuja Jumatano akitaka kuwanunua. Nilikataa, akaondoka akibamiza mlango."

"Na Mzee Gibson anajua kuhusu wizi?"

"Bado. Alikuwa aje leo tucheze. Nimempigia, hapokei."

"Yuko kwake Tunduma. Jana jioni alipita dukani kwangu, akachukua kopo dogo la rangi ya mafuta ya kahawia. Anasema anagusia mlango wake." Ruti alivaa kofia ngumu na kumpa Mwalimu nyingine. "Panda nyuma. Tukiwapata, wewe ndiye utakayewatambua."

Saa nane kamili walimkuta Deus kwenye kibanda chake, karibu na foleni ya malori ya kwenda Zambia. Aliuza simu, redio na chochote kilichovuka mpaka.

"Mulishani, Sajenti!" aliita, kwa salamu ya Zambia. Kisha akamwona Mwalimu, akainua mikono. "Shikamoo mzee. Sijaja tena, nilikuelewa."

"Jana kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana ulikuwa wapi?" Ruti aliuliza.

"Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Muulize mama pale wa chakula, alinituma saa moja asubuhi, nikamletea unga wake saa tisa. Kwani kuna nini?"

"Jeshi la Mwalimu limeibwa."

"Lote? Hata mzinga?"

"Ungependa mzinga?"

"Ningependa mzinga, askari na farasi. Mteja wangu Lusaka anakusanya hivyo vitu. Alisema wenye mizigo hawahitaji, wamechongwa kwa mkono, hawafanani." Deus alishusha sauti. "Sajenti, mimi nina ulimi wa biashara, lakini si mwizi wa wazee."

Mama wa chakula alithibitisha unga na saa. Ruti alirudi kwenye pikipiki, lakini hakuiwasha.

"Mwalimu, mwizi aliwaacha wenye bei, akachukua wasio na bei. Halafu aliwatoa askari sitini, na alipowarudisha, mikono yake ikawapanga kwa mpangilio wa vita bila yeye kufikiri. Mtu asiyecheza hawezi. Wanaocheza mlikuwa watatu, na Yesaya tulimzika 2009."

Mwalimu alikuwa akitazama malori.

"Nilijua tangu asubuhi," alisema. "Nilipofungua sanduku tu. Nilikuita ili uniambie nimekosea."

Nyumba ya Gibson Silwimba ilikuwa mtaa wa juu, uani pakiwa na mjukuu wake Lusungu akipima kitambaa cha harusi na fundi. Alikuwa aolewe Agosti na kijana wa Ivuna, Lwitiko Simfukwe. Msichana aliwapokea kwa magoti na kuwaelekeza ndani. Mlango wa mbele ulikuwa wa buluu. Rangi yake ilikuwa ya zamani, imebanduka chini, na hapakuwa na doa la kahawia popote.

Saa tisa na nusu mchana. Gibson alikuwa amekaa sebuleni akiwa na shati la kanisani. Alisimama alipomwona rafiki yake.

"Barnaba! Mbona hukusema unakuja?"

"Hupokei simu."

"Iko chaji." Aliwakaribisha viti. "Kuna habari gani?"

"Wapagazi wameibwa," Ruti alisema. "Nyumbani kwa Mwalimu, jana mchana."

Gibson alishika kifua. "Masikini. Watu hawana haya. Mtu anafungua sanduku la marehemu Anna achukue vitu vya kuchezea?"

Nje, fundi alikuwa akitaja vipimo kwa sauti.

"Mzee Gibson," Ruti alisema taratibu, "miaka yote wamekaa kwenye kabati la vioo. Mwalimu aliwahamisha Alhamisi jioni, hakumwambia mtu. Hata mimi sijataja sanduku."

Ruti alisogeza kiti karibu naye.

"Na rangi uliyonunua kwangu jana saa kumi jioni haijagusa mlango wowote. Ipo chini ya kucha zako."

Mzee aliangalia vidole vyake. Alikuwa na miaka sabini na moja, mzee wa kanisa kwa miaka ishirini. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na boksi la viatu. Alilifungua mezani. Kila mpagazi alikuwa amefungwa kwa kipande chake cha pamba.

Mwalimu alimfungua wa kwanza, akamgeuza. Kisha wa pili. Midomo yake ilisogea kila alipopata jina. Alipofika wa ishirini na nne aliegemea kiti na kufuta macho kwa mkono wa shati.

"Wote wapo," alisema. "Kuna wa ishirini na tano. Huyu simjui."

Wa mwisho alikuwa mpagazi wa kahawia, amejitwika mzigo wa nta mpya. Rangi ilikuwa bado inanata. Ruti alimsogeza kwenye mwanga. Chini ya kahawia ya kichwani, wekundu wa kofia ulionekana kwa mbali, na ubavuni palikuwa na kovu mahali ambapo kiboko kilikwanguliwa kwa kisu.

"Ni mnyapara," Ruti alisema.

"Ni babu yangu," alisema Gibson.

Alikaa. Alizungumza akimtazama Barnaba peke yake, kana kwamba Ruti hayumo.

"Unakumbuka siku niliyompaka? Yesaya aliniambia nimpunguzie wekundu, nikakataa. Niliandika chini kwa herufi kubwa, 'Babu Silwimba'. Nilidhani ni sifa! Alikuwa na bunduki, alikuwa na kofia, watu walimwogopa. Sikuwaza walimwogopea nini. Ndiye aliyewakamata hao ishirini na wanne, Barnaba. Alizunguka na kamba kijiji kwa kijiji. Wa sita katika mstari ni Kapandila Simfukwe wa Ivuna."

"Simfukwe," Ruti alirudia. "Familia ya bwana harusi."

"Babu yake Bibi Imelda, bibi yake Lwitiko. Kesho Bibi Imelda anakuja kanisani, atawapeni mikono, atamgeuza yule mnyapara asome jina langu. Halafu Agosti nimpelekee mjukuu wangu?"

"Ungemchukua huyo mmoja tu," Mwalimu alisema.

"Ungenijua siku hiyohiyo. Nikasema niwachukue wote, ionekane ni wizi, nimgeuze awe mpagazi kama wenzake, niwarudishe alfajiri kabla ya ibada. Ungefurahi kuwapata, usingehesabu." Sauti yake ilikatika. "Majina unayo kwenye daftari, nilijua hakuna kitakachopotea."

"Daftari limeliwa na mchwa, Gibson. Lote. Majina yalikuwa kwenye hilo boksi la viatu na si kwingine."

Gibson aliliangalia boksi. Uso wake ulibadilika taratibu, kama wa mtu anayegundua alikuwa amebeba mtoto juu ya kisima. Alinyoosha mkono kulisogeza mbali na ukingo wa meza.

"Sikujua," alisema. "Haki ya Mungu sikujua."

"Unataka nifanye nini, Mwalimu?" Ruti aliuliza. "Kituo kiko dakika kumi."

Mwalimu alitikisa kichwa. Alikuwa amemshika mnyapara kwenye kiganja, akimgeuza kwenye mwanga wa dirisha kwa namna aliyokuwa akikagua kazi za wanafunzi.

"Umepaka vizuri," alimwambia Gibson. "Mkono wako bado upo. Lakini sikuwahi kukuuliza kitu kimoja, miaka yote hii. Babu yako alikufa lini?"

"Sitini na nane. Nilikuwa na miaka kumi na minne."

"Alikuwa akikueleza habari za vita?"

"Kila jioni. Mwishoni alikuwa haelezi kingine."

"Mimi niliwauliza wazee hamsini nani alichukuliwa," Mwalimu alisema. "Hakuna hata mmoja aliyejua waliishia wapi. Familia zote zilibaki na siku ya kuondoka tu. Mtu aliyewapeleka alikuwa babu yako, na mimi sikuwahi kufika mlangoni kwenu kuuliza, kwa kuwa niliogopa kukuaibisha. Tumekosea wote wawili."

Waliketi hapo hadi taa za malori zilipoanza kuwaka barabarani. Ruti aliwaletea chupa ya tapentaini kutoka dukani, akawaacha. Alipochungulia dirishani akiondoka, wazee wawili walikuwa wameinamisha vichwa juu ya kitu kidogo, mmoja ameshika kitambaa, mwingine anamwambia asikwangue sana.

Jumapili, saa nne na robo, kanisa la Iyula lilijaa. Wapagazi ishirini na wanne walisimama mstarini kwenye meza nyeupe chini ya mimbari. Mbele yao alisimama mnyapara mwenye kofia nyekundu, amekosa kiboko. Watu walikuwa wametoka Ruanda, wengine Ivuna kwa lori la chumvi. Bibi Imelda Simfukwe, mwenye miaka themanini na miwili, alikaa benchi la mbele, Lwitiko akimshika mkono.

Ilitakiwa Mwalimu Barnaba asome. Aliyesimama alikuwa Gibson. Ruti, aliyekuwa nyuma karibu na mlango, aliona ameshika karatasi ya majina.

"Kabla ya majina," Gibson alisema, "niseme jina la aliyewakamata. Ni Silwimba, mnyapara. Ni babu yangu mzaa baba."

Minong'ono ilipita mabenchi yote. Mjukuu wake Lusungu aliinamisha kichwa. Mtu mmoja wa Ruanda alisimama, akatoka nje, na hatua zake zilisikika mpaka zikaisha kwenye changarawe. Gibson alisubiri. Kisha akaanza kusoma, jina na kijiji, jina na kijiji, na kila jina familia yake ilisimama.

"Kapandila Simfukwe, wa Ivuna."

Bibi Imelda alisimama kwa shida. Hakukaa kama wengine walivyokaa. Alimkataza Lwitiko kwa kiganja, akasogea mpaka mezani, akamchukua mpagazi wa sita. Alitazama mvi zilizopakwa kwenye kichwa kidogo cha kijana.

"Baba alisema alikuwa hivi," alisema. Kisha akamgeukia Gibson. "Na babu yako, alikwambia alimwacha wapi?"

Gibson alishusha karatasi.

"Alinambia, mama," Gibson alisema. "Ng'ambo ya mto Saisi, masika ya mwaka wa pili wa vita. Aliugua tumbo siku tatu. Wenzake walimbebea mzigo wake pamoja na mizigo yao. Walimzika kwenye kichuguu upande jua linapozama, wakamlaza kichwa kuelekea Ivuna. Babu alisema yeye mwenyewe alishika jembe. Sijui kama ni kweli kwamba alishika jembe. Mengine nayaamini."

Bibi Imelda aliyapokea maneno hayo huku midomo yake ikiyarudia kimya kimya, ng'ambo ya Saisi, masika, kichwa kuelekea Ivuna, mpaka alipohakikisha ameyashika. Akamrudisha babu yake mstarini, kwenye nafasi yake, akarudi taratibu kwenye benchi na kuketi.

"Haya," alimwambia Gibson. "Endelea na wa saba."